Kompyuta Tuliyofundishana Dirishani

Mama mukwe wangu mpendwa,

Kabla ya salamu, macho yako. Nimekuza herufi za barua hii kadiri ninavyokumbuka unavyozipenda, lakini kama kwenye kompyuta ya shemeji huko Walikale zinaonekana ndogo, usikaze macho mpaka kichwa kikuume. Shika Ctrl kwa mkono wa kushoto, usiiachilie, halafu zungusha kile kigurudumu kilicho mgongoni mwa suri, kipanya cha kompyuta, kuelekea mbele. Zitakua. Na usimwite mtu akusomee. Barua hii nataka uisome mwenyewe, polepole, hata ikichukua siku mbili.

Ukimaliza, usiing'oe flashi kama mtu anayeng'oa karoti. Bonyeza kwanza pale pa kuitoa, ungoje ikuruhusu. Najua unajua. Nakukumbusha kwa sababu nimezoea kukukumbusha, na ni karibu miaka miwili sasa sina mtu wa kumkumbusha.

Watoto hawajambo. Ombeni amerefuka hadi anainama kuingia jikoni. Sifa ametimiza miaka minane na anasema sana, unajua alikoutoa ulimi huo. Maharagi yametoka vizuri mwaka huu, viazi vimetusaliti. Hapa Burungu wanakuulizia kila Jumapili baada ya ibada, na mimi huwajibu kwamba umeenda kumsaidia mtoto wako kwa muda. Jibu hilo limechakaa, Mama. Hata mimi nikilitoa siku hizi sitazami watu usoni.

Nimekaa kwenye kiti chako, kile chenye mto wa kitenge ulioushona baada ya kulalamika kwamba mbao zinakula kiuno. Mukwe hakai kwenye kiti cha mama mukwe wake, najua, nisamehe. Nilitaka kuona unachokiona mtu akikaa upande huu. Kwa miaka yote niliyokufundisha nilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Ulipokuja kukaa nasi baada ya Mapendo kufariki, majirani walisema haitawezekana. Binti yako hayupo, sasa mama mukwe na mukwe watakaaje chini ya bati moja? Wewe ulikuwa mtu wa heshima za zamani. Hukunipa mkono, hukula mbele yangu, na tulipokutana kwenye njia ya maji ulisogea pembeni ukatazama mahindi mpaka nipite, hata msimu ambao hakukuwa na mahindi. Mimi nami sikulitaja jina lako, na hapa pia silitaji. Tulikuwa watu wawili tunaomlilia mtu mmoja, kila mmoja chumbani kwake.

Ukiwa na jambo la kuniambia, uliwaambia kuku. Hilo sitalisahau. Jumamosi moja nimerudi kutoka Kirolirwe, kutoka kwenye ile kazi yangu ya usekretari wa shule, nimebeba kompyuta mgongoni, nikakusikia nyuma ya jiko ukisema kwa sauti kubwa, "We kuku, uliza Mukwe kama ile mashini yake inafundishaka watu wazee." Kuku hakuniuliza. Nikamjibu kuku hivyohivyo, "Mwambie Mama inafundishaka kila mutu mwenye iko na subira." Ukamwambia kuku, "Basi kesho kisha misa ya mukate, kisha kula," yaani Jumapili, baada ya ibada na baada ya chakula.

Sababu niliijua. Juma lile Sifa, ambaye alibaki na miaka mitatu tu mama yake alipoondoka, alikuwa amekuuliza wewe bibi yake, "Koko, mama alikuwaka namna gani?" Ulimjibu alikuwa mzuri. Mtoto akasema, "Muzuri namna gani?" Nilisikia yote kutoka sebuleni. Ukaamua kuandika. Kalamu ilikuwa imekukataa, vidole vilivyoshika jembe miaka arobaini vilikuwa vimepinda, na yale madaftari uliyoyaanza zamani yalikuwa yamelowa siku tulipokimbia mapigano na kulala kanisani, wino ukawa tope. Na kunisimulia mimi niandike haikuwezekana kabisa. Mama hamwelezi mukwe wake jinsi alivyomzaa binti aliyemwoa.

Ndiyo maana tulifundishana kwa njia ile ambayo shemeji bado anaicheka. Wewe mezani, kompyuta mbele yako, pazia limeshushwa nusu. Mimi nje, barazani, chini ya dirisha, nimeegemea ukuta nikitazama mlima. Sikuona kioo na wala sikukuona wewe. Ulinieleza unachoona, nami nilikueleza la kufanya. Tukikwama kabisa, wewe ulitoka kwa mlango wa nyuma, mimi nikaingia kwa mlango wa mbele, nikarekebisha, nikatoka, nikakohoa, ukarudi. Tulikuwa kama askari wanaopokezana zamu. Siku ya kwanza tulipokezana mara kumi na moja na mbuzi akala sabuni yako kwa sababu hakuna aliyekuwa anamwangalia.

Nimewafundisha watu wengi tangu hapo, Mama. Walimu wa shule, mashemasi, na mkulima mmoja mwenye masharubu anayeogopa kwamba akibonyeza vibaya kompyuta italipuka. Wote husema ninaeleza vizuri. Hawajui kwamba nilifundishwa kueleza na ukuta. Ukishindwa kumshika mtu mkono na kumwonyesha kwa kidole, inabidi utafute neno lenyewe. Sikuweza kusema "bonyeza hapa". Hapa wapi, wakati mimi natazama mlima? Nilijifunza kusema upande wa kushoto, chini kabisa, kile chenye mshale unaoelekea juu.

Suri ilikutesa Jumapili kadhaa. Uliisukuma mpaka mwisho wa meza, na mshale ulikuwa haujafika unakotaka, ukasema, "Mukwe, meza imeisha." Nikakwambia uinyanyue, uirudishe katikati, ikiwa hewani mshale hautatembea. Ulicheka. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia kicheko chako tangu mazishi, na niliinama pale barazani nikajifanya nafunga kiatu, ingawa sikuwa nimevaa viatu.

Kisha kule kugonga mara mbili. Nilikwambia ugonge mara mbili faili ifunguke, ukasema umegonga na haifunguki. Nikakwambia ugonge tena. Haifunguki. Tukapokezana, mimi nikagonga, ikafunguka. Tukapokezana tena, wewe ukagonga, ikakataa. Mwishowe nilitega sikio badala ya kuuliza. Nikasikia unagonga mara moja, halafu unangoja, muda mrefu, kama mtu aliyepiga hodi na anasubiri wenye nyumba wavae. Kisha unagonga ya pili. Nikakwambia, "Mama, hii mlango haina adabu, gonga mbili za haraka, usingoje jibu." Ukanijibu kwamba nyumba ya kuingia hivyo lazima ni ya watoto wasiolelewa. Lakini uligonga, na ikafunguka.

Nukta pia. Kwenye kompyuta hii ya Kifaransa nukta inataka vidole viwili kwa pamoja, na kidole chako cha pili kilikuwa kinafika baada ya misa kuisha. Badala ya nukta ikatoka nukta mkato, kila sentensi. Nilipouona ukurasa wako wa mazoezi niliona umeandika maisha yote ya shamba bila kufika mwisho hata mara moja. Nikakufundisha ushikilie Maj, ile ya herufi kubwa, kwanza, uiache imeshikiliwa, halafu ndiyo ubonyeze. Uliweza, ukafanya kwa Jumapili mbili, ukarudi kwenye nukta mkato zako. "Inatosha, Mukwe. Wataelewa kama nimepumuzika."

Kwenye kuhifadhi wewe ndiye uliyenishinda. Nilikuwa nimeeleza na kueleza: kila baada ya sentensi chache shika Ctrl, gusa S, kwa maana betri ya nyumba yetu inakufa bila kuaga, na jua la Masisi ukilitegemea umejitakia. Nilieleza kwa maneno ya mwalimu. Ukanikatiza. "Njo sawa na maharagi. Ukitupa mbegu, unafunika na muguu. Hauendi kutupa mustari yote ndiyo urudi kufunika." Tangu siku hiyo sijawahi kueleza kuhifadhi kwa namna nyingine. Wale wa mjini wasiojua kupanda maharagi wananitazama tu.

Halafu siku ulipofuta ukurasa mzima. Sikusikia kelele. Nilisikia vidole vimesimama. Nikauliza, "Mama?" Ukasema, taratibu, "Yote imeenda." Nikakwambia usiguse kitu kingine chochote, shika Ctrl, gusa Z. Kisha nikasikia ukisema Haleluya kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayeogopa kuzidisha. Siku hiyohiyo uliipenda mno ile Z, ukaigusa na kuigusa mpaka ukurasa ukarudi mweupe ulivyokuwa mwanzo wa somo, na ikabidi nikufundishe Y ya kwenda mbele. Ulinilaumu kwa nini sikuanza na hiyo.

Na ile siku ya mvua ya mawe. Ilishuka ghafla kutoka upande wa malisho, mawe makubwa kama mbegu za parachichi, na baraza letu halina ukuta ubavuni. Niliendelea kukaa pale, nimejifunika mfuko wa unga, nikisema, "Endelea, Mama, nasikia." Ukasema, "Ingia, Mukwe. Mungu iko anaona mvua." Niliingia. Nikakaa kwenye kigoda pembeni kabisa, nimeupa uso ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Bati lilikuwa linapiga kelele hata mafundisho hayakuwezekana. Wewe ukaendelea kuandika, na radi ilipopiga, ukasema bila kugeuka, "Mapendo aliogopaka radi. Alikuwa anaingia chini ya kitanda na sufuria ku kichwa." Mimi niliishi naye miaka tisa na nilijua kuhusu radi, lakini kuhusu sufuria sikujua. Nilicheka nikiwa nimetazama ukuta, halafu nikalia nikiwa nimetazama ukuta, na wewe uliandika tu. Sijui kama uliniona. Nadhani uliniona.

Nilikupenda siku ile, Mama. Ninaliandika wazi kwa sababu siwezi kulisema.

Baadaye ukaniomba kitu kilichonichoma. Uliniambia, dirishani, "Naomba unifundishe kufunga hii maandiko, mutu asifungue. Hata weye." Nikakufundisha. Nenda kwenye Fichier, juu kushoto, tafuta pa kulinda, andika neno la siri, liandike mara ya pili. Usitumie siku ya kuzaliwa, usitumie jina ambalo kila mtu analijua, usiliandike kwenye karatasi ukaibandika juu ya mashine kama anavyofanya shemasi. Neno ulilojichagulia sikuliuliza. Nilikufundisha mwenyewe jinsi ya kunifungia mlango, na nilipoondoka pale barazani nilijua, au nilidhani najua, kilichomo ndani. Nilidhani umeandika kwamba nilikuwa Walikale binti yako alipokuwa anakufa. Nilidhani umewaandikia wanangu jinsi baba yao alivyokosa kuwepo.

Kisha maharagi yakavunwa, ukasema unaenda kumtembelea shemeji, ukafunga flashi kwenye pindo la kitenge chako, na nyingine kama hiyohiyo ukamwachia Sifa. Ukamnong'oneza neno la siri, ukamwambia aifungue siku atakayoweza kusoma bila kuweka kidole chini ya maneno. Hukurudi. Simu zako zilikuwa fupi. Kila nilipokuuliza utarudi lini ulikuta mtu anakuita. Nikasema moyoni, basi, amechoka kukaa chini ya bati moja na mimi, na ana haki.

Sifa aliifungua mwezi uliopita. Aligonga mara mbili, haraka, bila adabu. Akaandika neno la siri, akasoma kwa sauti kutoka mwanzo, sisi wawili tumekaa tunamsikiliza, mimi na Ombeni, na chakula kikapoa. Mama, sijui nikwambieje. Sufuria imo. Imo siku Mapendo alipozaliwa, na siku alipouza yai la kuku wa jirani kwa jirani mwenyewe. Imo siku nilipokuja kumposa, na shati langu lilivyokuwa limekosewa vifungo. Hujaniandika vibaya popote. Kisha tukafika mwisho, na Sifa akasoma:

"Homa ilipoanza mama yenu alitaka kupigia baba yenu ; mimi njo nilimukataza ; nilisema acha mwanaume amalize kazi, hii homa itapita ; telefone ilikuwa yangu, sikumupa ; kama angepiga, baba yenu angekuja ; kila siku ananifundisha na upole, hajue kama mimi njo nilimunyanganya muke wake ; sina tena uso wa kukaa mu nyumba yake ;"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini uko Walikale.

Sasa nisikilize, Mama. Hili ndilo jambo lililoniweka kwenye kiti chako leo, na nimelifuta na kulirudisha mara nyingi kuliko ulivyofanya wewe na ile Z. Mapendo alinipigia.

Alinipigia siku ya pili ya homa. Wewe, uliyekuwa umekuja kukaa naye nikiwa safarini, ulikuwa umeenda kuchota maji, naye aliomba simu ya jirani wa nyuma. Nilikuwa pale Walikale kwenye ile nyumba ya kupiga chapa makaratasi ya watu, ambako nilijifunza kazi hii. Mwenye kazi alikuwa ameniahidi kompyuta yake ya zamani iwe yangu nikimaliza kupiga makaratasi yote ya juma lile. Nilitaka sana kompyuta ile. Nilijua nikirudi nayo nitapata kazi karibu na nyumbani, sitaondoka tena. Mapendo akaniambia, "Homa imenikamata. Mama anasema itapita. We unaonaje?" Nilitazama rundo la makaratasi, nikamwambia, "Juma ijayo niko nafika, na mashini ku mugongo." Akasema, "Haina shida. Utanikuta."

Nilifika siku niliyoahidi, na mashine mgongoni. Ninyi mlikuwa mnarudi kutoka makaburini.

Ni hii, Mama. Ni kompyuta hii uliyoandikia. Kila Jumapili nilikuwekea mezani kitu nilichokingoja badala ya kuja, na nilikaa nje si kwa ajili ya heshima peke yake. Kwa miaka ile yote nilikuwa nakuogopa, nikidhani unajua. Na wewe ulikuwa unaniogopa mimi, ukidhani sijui. Hukumzuia kitu. Aliitaka sauti yangu, akaipata, na sauti yangu ikamwambia angoje. Ungempa simu yako ningemjibu hayohayo. Kosa unalolibeba huko Walikale halina mwenyewe kwako, lilete kwangu, ndiko kwao.

Barua hii sikuifunga kwa neno la siri. Ombeni na Sifa wameisoma kabla yako, kwa sababu niliona haifai wao wajue ya kwako bila kujua ya kwangu. Ombeni alitoka nje na hakusema nami mpaka kesho yake jioni, na nilipomwita kula alikuja. Sifa aliuliza tu kama koko ataweza kuifungua barua peke yake. Nilimwambia hakuna anayeifungua vizuri kuliko yeye.

Shule zikifungwa nitakuja Walikale. Sitaingia kwenye uwanja wa shemeji, nitasimama barabarani, ng'ambo, na sitatuma mtu kukuita. Ukitoka na mzigo wako, nitaupokea, tutarudi Burungu kwa pikipiki, wewe kwenye moto ya mbele, mimi ya nyuma. Ukitoka mikono mitupu ili kuniambia ulilo nalo, nitasimama nilisikilize lote. Usipotoka kabisa, nitangoja mpaka jua lishuke, kisha nitapanda kurudi, na watoto hawatakulaumu, kwa sababu nitakuwa nimewaambia ni nani aliyechelewa.

Pumzika vizuri, Mama, na usiache kuhifadhi.

Mukwe wako,
mume wa Mapendo